Jinsi ya Kukata Istilahi za Biokemia Hadi Mizizi Yake ya Kigiriki na Kilatini: Mwongozo Kamili

Glikolisisi. Glikojenesisi. Glikojenolisisi. Glukoneojenesisi.

Majina haya manne ya michakato ya sukari mwilini huangusha wanafunzi wa biokemia kila mwaka, na wanaoanguka si wavivu. Wengi wamekariri orodha ndefu za mizizi. Wanajua *glykys* ni tamu, wanajua *lysis* ni kufungua, na bado kwenye karatasi ya mtihani wanaandika kazi ya moja mahali pa nyingine. Nimesoma majibu ya aina hiyo mengi mno, na nimeshawishika kwamba tatizo haliko kwenye orodha. Liko kwenye ukataji: neno linakatwa pasipo na kiungo, linasomwa kuanzia upande usio wake, kisha maana inayopatikana haipimwi na kazi ya kitu chenyewe.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu kukata maneno ni kazi anayoifanya tangu utotoni. Ukisikia *hawakupikiana* hukai kuwaza. Unajua ndani yake mna ha-wa-ku-pik-i-an-a, na kila kipande kina kazi yake. Tutatumia uwezo huohuo, ila kwa sheria za lugha nyingine.

## Utakavyohitaji

- Kalamu mbili za rangi tofauti, moja ya mizizi ya Kigiriki na moja ya Kilatini.
- Daftari. Simu haifai kwa kazi hii, maana utahitaji kuchora mistari katikati ya neno.
- Kamusi kubwa inayoonyesha asili ya maneno, ya kuhakiki tu.
- Kitabu chako cha biokemia, ambacho ndicho kitakachoamua kama umekata sawa.
- Orodha fupi ya mizizi.

Orodha ya kuanzia isizidi mizizi ishirini hivi. Ya Kigiriki: *glykys* tamu, *hydor* maji, *lysis* kufungua au kulegeza, *genesis* kuzaliwa, *neos* mpya, *haima* damu, *soma* mwili, *stereos* kigumu, *chole* nyongo, *zyme* chachu, *lipos* mafuta, *leukos* nyeupe. Ya Kilatini: *lac* (shina lake *lact-*) maziwa, *fructus* tunda, *uva* zabibu, *insula* kisiwa, *nucleus* kokwa, *vita* uhai. Mingine itakuja yenyewe kadiri unavyokata.

## Hatua ya 1: Lirudishe neno kwenye tahajia ya kimataifa

Kiswahili kinaandika kinavyotamka. Hilo linamrahisishia msomaji, lakini linaifunika mizizi. *Hydor* inaonekana kama haidro- katika haidrojeni, ilhali *y* hiyohiyo ndani ya *lysis* imekuwa -lisisi. Tazama pia haipoglisemia, upungufu wa glukosi kwenye damu. Ndani yake mna *glykys*, lakini *k* ya Kigiriki iliandikwa *c* ilipopitia Kilatini, na *c* hiyo ikifuatwa na *e* hutamkwa *s*. Anayetafuta "glis" kwenye orodha yake hatapata kitu, kumbe ni tamu ileile aliyoikariri jana. Na mwishoni mwa neno hilo, -emia ni *haima*, damu, iliyopoteza *h* yake.

Kwa hiyo fungua kitabu, nakili neno kwa herufi zilizoachana: G L Y C O G E N O L Y S I S.

Onyo: usinakili kutoka kichwani. Herufi moja inatosha kukupeleka kwingine. Laktosi ni sukari ya maziwa. Laktasi ni kimeng'enya kinachoivunja sukari hiyo. Tofauti ni *o* na *a* tu.

## Hatua ya 2: Anza na mkia

Hapa ndipo mazoea ya Kiswahili yanapotuponza. Kwetu kinachotajwa kwanza ndicho kitu chenyewe: nyumba ya mawe ni nyumba, mawe yanaifafanua. Katika maneno unganifu ya Kigiriki na Kilatini mambo yamepinduka. Kitu chenyewe kinakaa mwisho, na vinavyotangulia vinakifafanua. Ukianza kusoma na kichwa cha neno, unachukua maelezo ukadhani ni kitu.

Funika neno lote kwa kidole, acha mkia peke yake, kisha jiulize: hiki ni kitu cha aina gani?

Mkia -lysis unasema ni tendo la kuvunja. Mkia -genesis unasema ni tendo la kuunda. Ukiona -osi, kwa kawaida ni sukari au mnyororo wa sukari, kama fruktosi na selulosi. Ukiona -asi, ni kimeng'enya. Ukiona -oli, tarajia kundi la alkoholi kwenye molekuli. Ukiona -somu, kutoka *soma*, ni kijimwili ndani ya seli: lisosomu ni kijimwili kinachovunja, ribosomu ni kijimwili chenye RNA, yaani asidi ya ribonyukleiki. Mkia -ini, kama wa insulini na protini, haukupi zaidi ya kusema kwamba hii ni dutu, kwa hiyo usiupotezee muda.

Onyo juu ya -osi na -asi: usiende kuitafuta mikia hii kwenye kamusi ya Kigiriki, hutaipata. Mkia -osi ulitolewa kwenye jina glukosi, lililopendekezwa Ufaransa mwaka 1838, kisha ukabandikwa kwenye sukari nyingine. Mkia -asi ulitolewa kwenye diastasi, kimeng'enya ambacho wanakemia Payen na Persoz walikitenga kutoka kimea mwaka 1833. Diastasi ni Kigiriki *diastasis*, kutengana, na mzizi wake ni *sta-*, kusimama. Waliochukua -asi walikata katikati ya mzizi! Ni kipande kisicho na maana katika Kigiriki, lakini katika biokemia kina maana thabiti kuliko mizizi mingi halali.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema aina ya kitu kabla hujajua neno lote linahusu nini. Kwa neno letu: -lysis, basi kuna kitu kinavunjwa. Nini? Bado.

## Hatua ya 3: Tafuta viungo

Mgiriki akiunganisha mizizi miwili huweka *o* katikati. Ndiyo gundi. Irabu hii haina maana yoyote, na kazi yako ni kuitambua ili usiihesabu kama sehemu ya mzizi:

GLYC | o | GEN | o | LYSIS

Mzizi unaofuata ukianza kwa irabu, mara nyingi *o* huanguka. Ndiyo maana tuna glyc-aemia na wala si glyco-aemia.

Sasa mtego ambao ningependa kila mwanafunzi auone kwa macho yake. Chukua maneno mawili: anaboli na anaerobi. Yote yanaanza na ana-. Ukiyakata mahali pamoja, moja litakudanganya.

Anaerobi ni *an-* + *aer* + *bios*: pasipo, hewa, uhai. Kiumbe kinachoishi pasipo hewa. Kiambishi ni *an-*, cha kukanusha, na *a* inayofuata ni ya *aer*.

Anaboli ni *ana-* + *bole*: juu, kutupa. Kurusha juu, yaani kujenga. Kiambishi ni *ana-* kizima, na hakikanushi chochote. Mwenzake ni kataboli, *kata-* + *bole*, kutupa chini, yaani kubomoa. Na umetaboli, unaojumlisha yote mawili, una *meta-*, kiambishi kinachobeba wazo la badiliko.

Anayekata an-aboli atasema ni "pasipo kutupa" na atabaki ameduwaa. Ukishuku, tafuta ndugu wa neno. Anaboli ina ndugu: kataboli, metaboli. Kinachobaki kilekile kwa ndugu wote ni -boli, basi kiungo kiko mbele yake. Ndivyo hasa tunavyopata mzizi wa kitenzi cha Kiswahili, kwa kuweka *pikia*, *pikwa* na *pikisha* pamoja na kuangalia kisichobadilika.

## Hatua ya 4: Tambua lugha ya kila kipande

Chukua zile kalamu mbili. Kipande cha Kigiriki rangi moja, cha Kilatini rangi nyingine. Wengine huona kama ni pambo tu. Si pambo, kwa sababu vipande vinavyofanana sura vinaweza kutoka lugha tofauti na kuwa na maana tofauti kabisa.

Mfano wa kwanza ni glu-. Glukosi na glutamati zinaanza sawa, na kila mara naona mtu akiandika kwamba glutamati "ina asili ya utamu". Haina. Glukosi inatokana na *gleukos* ya Kigiriki, maji matamu ya zabibu kabla hayajachachuka kuwa divai, neno lenye undugu na *glykys*. Glutamati inatokana na *gluten* ya Kilatini, gundi, kwa sababu asidi hiyo ilipatikana kwanza kwenye gluteni ya ngano, ile sehemu inayonata. Mkato wa kwanza ni gluc-, wa pili ni glut-. Konsonanti ya mwisho ndiyo inayoamua.

Mfano wa pili ni homo-. Katika Kilatini *homo* ni binadamu. Katika Kigiriki *homos* ni sawa, -a namna moja. Homosisteini haina uhusiano wowote na binadamu: ni molekuli ya ukoo uleule wa sisteini, mojawapo ya amino asidi, yenye kaboni moja zaidi kwenye mnyororo wake.

Tena usidhani kwamba neno moja lazima liwe la lugha moja. Piruvati, ile dutu ambayo glikolisisi huishia kwayo, ni Kigiriki *pyr*, moto, pamoja na Kilatini *uva*, zabibu. Moto na zabibu! Mkemia Berzelius aliipa jina hilo mwaka 1835, kwa kuwa asidi yake hupatikana kwa kupasha moto asidi inayotoka kwenye zabibu. Kwenye daftari langu neno hili lina rangi mbili zilizogusana katikati, na sijawahi kulisahau tangu nilipolipaka.

Ukimaliza hatua hii kila kipande kina rangi yake na maana yake imeandikwa chini. Kama kuna kipande kimebaki cheupe, kiache hivyo hadi hatua ya 7. Usikibunie maana.

## Hatua ya 5: Andika sentensi ya Kiswahili kutoka nyuma kwenda mbele

Sasa soma vipande kuanzia mkiani. GLYC-o-GEN-o-LYSIS: kufungua kinachozaa kitamu.

Sentensi hiyo ni ya ajabu kidogo, na inatakiwa iwe hivyo. Usiharakishe kuipamba. Iandike kama ilivyo, halafu chini yake andika ya pili kwa lugha ya darasani: kuvunja glikojeni, ile akiba ya glukosi mwilini.

Fanya hivyo pia kwa kolesteroli: *chole* + *stereos* + -oli. Kutoka nyuma: alkoholi, ngumu, ya nyongo. Kila neno hapo ni kweli. Ni alkoholi kwa sababu molekuli yake ina kundi la OH, lile la alkoholi; ni ngumu kwa sababu ilijulikana kwanza kama dutu yabisi; na ni ya nyongo kwa sababu ilitolewa kwenye vijiwe vya nyongo. Sentensi tatu za kitabu zimekaa ndani ya neno moja.

## Hatua ya 6: Pima sentensi yako na kazi ya kitu chenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa alama. Jina linakuambia aliyelitoa aliona nini au aliamini nini. Halikuapii kwamba aliona sawa.

Oksijeni ni *oxys*, kali kama asidi, na -gen, kinachozaa: mzaa asidi. Mkemia Lavoisier aliamini kila asidi lazima iwe na oksijeni. Asidi ya haidrokloriki haina hata atomu moja ya oksijeni. Mkato ni sahihi, maana ni sahihi, na bado jina limekosea.

Vitamini ni *vita*, uhai, na amini, aina ya dutu yenye naitrojeni. Mwanabiokemia Casimir Funk alilitoa mwaka 1912 akidhani dutu hizi zote ni amini. Vitamini C haina naitrojeni kabisa, basi haiwezi kuwa amini.

Kipande -gen chenyewe kina historia ya kuchanganya. Katika Kigiriki *-genes* humaanisha aghalabu "aliyezaliwa na". Wanasayansi wakakigeuza kuwa "kinachozaa". Kwa hiyo glikojeni, jina lililotolewa na mwanafiziolojia Claude Bernard mwaka 1857, ni kinachozaa sukari, wala si kilichozaliwa na sukari, ingawa kikemia yote mawili ni kweli.

Sasa tuingie kwenye mtego mkubwa wa somo zima: glikojenesisi. Ukiikata glyc-o-genesis unapata "kuzaliwa kwa kitamu", na unahitimisha kwamba mwili unatengeneza glukosi. Mkato huo hauna kosa la kisarufi. Lakini fungua kitabu: glikojenesisi ni kutengeneza *glikojeni*, yaani glukosi inachukuliwa na kuunganishwa iwekwe akiba. Maana uliyoipata ni kinyume kabisa!

Kilichotokea ni kwamba glikojeni na -genesis zimekutana na silabi moja imemezwa. Kama majina yangetolewa kwa utaratibu kamili tungekuwa na "glikojenojenesisi", na wanafunzi wasingeumia. Hakuna kanuni ya Kigiriki itakayokuonya hapa. Kitabu pekee ndicho kitakuonya, na ndiyo sababu nimekiweka kwenye vifaa.

Andika pembeni mwa kila sentensi moja ya alama tatu: "sawa", "jina limekosea", au "jina limemeza kitu". Ukiona daftari lako lina "sawa" tupu kuanzia juu hadi chini, huenda hupimi, unanakili tu.

## Hatua ya 7: Yakubali maneno yasiyokatika

Kuna istilahi ambazo ukizikata utapata vumbi tu.

Ribosi haina mzizi wa Kigiriki wala wa Kilatini. Ilipatikana kwa kupanguapangua herufi za arabinosi, na arabinosi ilipewa jina kwa sababu ya sandarusi ya Kiarabu, ule utomvu wa mgunga. Herufi R ya RNA, basi, inatoka kwenye herufi zilizopanguliwa. Prolini, mojawapo ya amino asidi, nayo ni ufupisho wa pirolidini.

Nyingine zina asili, ila si ya lugha hizi mbili. Alkoholi ni Kiarabu, *al-kuhl*, unga laini wa kupaka machoni, yaani wanja. Alkali pia ni Kiarabu.

Kwa maneno haya andika asili kwa ufupi na uendelee. Hasara ya kumlazimishia ribosi mzizi wa Kigiriki ni kwamba utaukumbuka mzizi huo wa uongo kwa uaminifu uleule unaoikumbukia mizizi ya kweli.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye yale manne

Chora mistari minne kwenye ukurasa mpya, usitazame nyuma, na ufanye hatua zote kwa kila neno. Kisha linganisha na haya.

Glikolisisi: *glyk-* + *lysis*, kufungua kitamu. Molekuli moja ya glukosi inavunjwa kwa hatua kumi kuwa piruvati mbili, na seli inabaki na faida ya ATP mbili, molekuli zinazobeba nishati. Alama: sawa.

Glikojenolisisi: glikojeni + *lysis*, kufungua glikojeni. Sawa. Angalia, lakini, kwamba *lysis* inasema kufungua bila kusema kwa kutumia nini. Kimeng'enya kikuu hapa, fosforilasi, kinakata kwa fosfati, si kwa maji. Neno linalotaja maji ni haidrolisisi, kwa *hydor* yake. Wanaoandika kwamba glikojeni yote inavunjwa kwa haidrolisisi wameongeza mzizi ambao neno halina.

Glikojenesisi: kuunda glikojeni. Jina limemeza kitu.

Glukoneojenesisi: *gluc-* + *neo-* + *genesis*, kuzaliwa upya kwa glukosi. Kipande cha kati ndicho roho ya neno. Glukosi hii ni *mpya*: haitoki kwenye akiba ya glikojeni, inaundwa kutoka vitu ambavyo si sukari, kama laktati, gliseroli na baadhi ya amino asidi, hasa kwenye ini. Mtu akikuuliza inatofautianaje na glikojenolisisi, kwa kuwa zote mbili huishia kuongeza glukosi kwenye damu, jibu lote limo ndani ya *neo-*. Moja inafungua ghala, nyingine inatengeneza.

Swali linalokuja kila mara: kwa nini hapa gluko- na kule gliko-? Kwa jumla gluko- inalenga glukosi hasa, na gliko- inalenga sukari kwa upana. Usiifanye sheria ya chuma. Glikolisisi inaanza na gliko- na inavunja glukosi ileile.

Kama umeandika manne yote bila kuchungulia, jipe neno ambalo mwongozo huu haujaligusa: lipolisisi. Kata, paka rangi, soma kutoka nyuma, kisha pima na kitabu. Jiulize pia kama *lysis* ya humo inatumia maji au fosfati. Neno lenyewe halitakujibu hilo. Jibu litapatikana kwenye ukurasa unaoeleza jinsi lipasi inavyoitenganisha gliseroli na asidi zake tatu za mafuta.